Tairi la Lushoto Huchaguliwa Mteremkoni

Kutoka Mombo hadi mjini Lushoto ni kilomita zipatazo 33 tu, lakini katika umbali huo barabara hupanda karibu mita 1,000. Mombo iko kwenye tambarare ya joto na mashamba ya mkonge, takriban mita 400 juu ya usawa wa bahari. Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal, uko karibu mita 1,400, penye ukungu wa asubuhi na baridi ya kuvalia sweta. Katikati kuna Soni na maporomoko yake ya maji. Lami ni nyembamba. Upande mmoja ni jabali, upande wa pili ni korongo, na kona zinafuatana bila kumpa dereva nafasi ya kupumua. Mvua ikinyesha, mawe na udongo huporomokea barabarani, huku Fuso zilizosheheni kabichi, karoti na viazi zikishuka taratibu kuelekea masoko ya Tanga na Dar es Salaam.

Mtu anayeishi katika milima hii ya Usambara, au anayepanda kwa kazi na matembezi, akiwa na gari la fowili, yaani lile ambalo injini huzungusha magurudumu yote manne, iko siku atasimama dukani aulizwe anataka tairi gani. Wengi hunyoosha kidole kwenye tairi lenye meno makubwa kuliko yote. Mawazo yao yako kwenye tope la Mtae, la Mlola na la njia za Bumbuli wakati wa masika. Hofu hiyo inaeleweka, maana tope la Usambara si la kubeza. Hata hivyo, uamuzi huo mara nyingi ni wa makosa, na kosa lenyewe linaweza kugharimu maisha. Atakayechagua tairi la Lushoto autazame kwanza mteremko wa lami iliyolowa kati ya Soni na Mombo, ndipo afikirie tope.

Safari moja, barabara tatu

Chukua safari ya mtu anayetoka Dar es Salaam kwenda kuwasalimu wazazi Mtae. Kupitia Chalinze, Segera na Korogwe hadi Mombo ni zaidi ya kilomita 300 za lami ya mwendo mkubwa, chini ya jua linalolichemsha tairi. Kisha zinakuja zile kilomita 33 za kona hadi Lushoto. Baada ya hapo anapita Magamba na msitu wake wa hifadhi, anapita Lukozi, na anapofika Mtae amekwenda kilomita nyingine zipatazo 60, sehemu kubwa ikiwa udongo mwekundu, kifusi na mawe. Ukijumlisha, katika kila kilomita 100 za safari hiyo zaidi ya 80 ni za lami. Tairi lililonunuliwa kwa ajili ya tope pekee limenunuliwa kwa ajili ya kipande kidogo cha safari.

Kipande hicho nacho kina tabia zake. Udongo wa Usambara una mfinyanzi mwingi. Wakati wa kiangazi hukauka ukawa mgumu kama sakafu, juu yake vumbi. Mvua za masika, kati ya Machi na Mei, na za vuli kuanzia Oktoba, hulainisha tabaka la juu likateleza, wakati chini bado kugumu. Gari huanza kuteleza kabla hata halijazama. Ndiyo maana wageni hushangaa kukwama mahali ambapo tope lina kina cha vidole viwili tu, na ndiyo maana mteremko mfupi wa kijijini waweza kuwa wa hatari kuliko dimbwi kubwa la tambarare.

Aina tatu za tairi

Tairi za magari haya zimegawanyika katika makundi matatu. La kwanza ni la barabara kuu, hutambulika kwa herufi H/T. Meno yake yameshikana na mifereji yake ni membamba. Ni kimya na hushika lami vizuri. Likiingia kwenye mfinyanzi uliolowa, mifereji hujaa udongo mara moja na tairi linabaki kipara hata kama limenunuliwa jana.

La pili ni la tope, M/T. Meno yake ni makubwa na yameachana sana. Gurudumu linapozunguka kwa nguvu, tope lililonasa kwenye mapengo hurushwa nje na meno hupata pa kuuma upya. Ubavu wake kwa kawaida umeimarishwa ili usichanwe na mawe. Kwenye lami huunguruma, ni zito, huongeza ulaji wa mafuta na huisha mapema.

La tatu ni la mazingira yote, A/T, lililo katikati ya hayo mawili. Likiwa jipya, kina cha meno yake huwa takriban milimita 10 hadi 13, wakati H/T nyingi huanza na 8 au 9, na M/T huwa na 14 hadi 16 au zaidi. Ndani ya kundi hili la tatu kuna tofauti kubwa. Baadhi ni H/T zilizoongezewa meno ya pembeni kwa urembo, na nyingine zinakaribia kuwa za tope. Usiridhike na herufi tu. Tazama mapengo kati ya meno, hasa ya mabegani, kwa sababu hapo ndipo tairi huuma linapopanda ukingo wa mfereji wa barabara. Tazama pia kama meno yana mikato mingi midogo, kwa sababu mikato hiyo ndiyo hushika lami yenye maji.

Kwa nini lami iliyolowa ndiyo mtihani

Gari lote, pamoja na watu na mizigo, limeshikwa na vipande vinne vya mpira, kila kimoja kisichozidi sana ukubwa wa kiganja. Katika tairi la tope, sehemu kubwa ya kipande hicho ni pengo. Meno marefu nayo hupinda breki inapokanyagwa. Mpira wa tairi nyingi za aina hii hutengenezwa uwe mgumu ili ustahimili mawe makali, na mpira mgumu hauishiki vizuri lami iliyolowa. Matokeo yake ni kwamba gari huhitaji mita nyingi zaidi kusimama, na kwenye kona huanza kuteleza mapema kuliko dereva anavyotegemea.

Kasi huzidisha tatizo hilo. Umbali wa kusimama baada ya kukanyaga breki hukua kwa mraba wa kasi: anayeshuka kwa kilomita 60 kwa saa anahitaji zaidi ya mara mbili ya umbali anaohitaji anayeshuka kwa kilomita 40. Mteremko huongeza tena, kwa kuwa uzito wa gari hulisukuma mbele. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tairi za kawaida huuzwa na lebo yenye herufi inayoonyesha uwezo wa kusimama kwenye maji, A ikiwa bora. Lebo hizo zilipoanza mwaka 2012, ilielezwa kwamba kutoka kasi ya kilomita 80 kwa saa, tofauti kati ya daraja la juu na la chini kabisa yaweza kufikia mita 18. Kwenye kona ya Soni, mita 18 zinatosha kuamua kama gari litabaki barabarani. Ukiikuta lebo hiyo kwenye tairi dukani, isome kabla ya kuuliza bei.

Kuna imani inayohitaji kuvunjwa hapa. Madereva wengi huamini kuwa fowili hulifanya gari liwe salama kila mahali. Fowili husaidia kuondoka na kupanda. Haiongezi chochote kwenye breki, kwa sababu kila gari, hata Noah au Probox, hufunga breki kwa magurudumu yote manne. Zaidi ya hayo, magari ambayo fowili yake huunganishwa na dereva, kama Toyota Hilux na Land Cruiser Hardtop nyingi, hayapaswi kuendeshwa fowili ikiwa imeunganishwa kwenye lami kavu. Magurudumu ya mbele na ya nyuma hukata kona kwa njia zenye urefu tofauti, na bila difu ya katikati mitambo hukazana na inaweza kuvunjika. Ukishuka Soni, basi, unategemea tairi, breki na gia. Kanuni ya zamani bado ni sahihi: gia uliyopandia ndiyo ya kushukia.

Kusoma ubavu wa tairi

Ubavu wa tairi una karibu kila kitu mnunuzi anachohitaji kukijua. Chukua 265/65R17 112S, saizi ya kawaida kwa Prado nyingi. Namba 265 ni upana kwa milimita. 65 ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana huo. R ni radiali, muundo ambao Michelin waliusajili mwaka 1946, na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Namba 112 inamaanisha tairi moja linaweza kubeba kilo 1,120, na S ni kasi ya juu ya kilomita 180 kwa saa. Tairi nyingi za tope zina herufi Q, yaani kilomita 160. Kasi hiyo inatosha kwa barabara zetu, lakini namba ya uzito usiishushe kamwe chini ya ile iliyokuja na gari, hasa ukibeba magunia.

Kisha tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata kama haujagusa barabara. Michelin hushauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya miaka mitano ya matumizi, na libadilishwe likifikisha miaka kumi tangu kutengenezwa, hata kama meno yapo. Tanzania iliwahi kutengeneza tairi zake katika kiwanda cha General Tyre cha Arusha, kilichosimamisha uzalishaji mwishoni mwa miaka ya 2000. Leo tairi huja kwa meli kutoka mbali na zinaweza kukaa ghalani muda mrefu. Muuzaji anayekataa kukuonyesha tarehe amekupa sababu ya kwenda duka la jirani.

Tairi la theluji katika joto la Mombo

Magari mengi tunayoyaendesha yalitumika Japani kabla ya kuletwa hapa, na baadhi huja na tairi za majira ya baridi. Zina neno STUDLESS kwenye ubavu, na meno yake yamejaa mikato midogo mno. Mnunuzi huyaona meno marefu akafurahi, akidhani amepata tairi la kupandia milima. Mpira wake ulitengenezwa uwe laini kwenye barafu. Kwenye lami ya moto ya Korogwe na Mombo hulainika kupita kiasi, gari huyumba kwenye kona, na tairi huisha kwa kasi ya kushangaza. Ukilikuta tairi hilo kwenye gari uliloagiza, panga bajeti ya kulibadilisha kabla ya safari ndefu. Na ukilikuta kwenye rundo la mitumba, liache hapo hapo.

Pana au jembamba?

Mtindo wa mjini unapenda tairi pana. Tabia ya udongo wa Usambara inapendelea jembamba. Tairi jembamba na refu hupenya tabaka laini la juu na kuufikia udongo mgumu ulio chini, wakati pana huelea juu ya utelezi. Ndiyo sababu Land Rover na Land Cruiser za kazi zimedumu miaka mingi na saizi kama 7.50R16 na 235/85R16. Tairi la 235/85R16 lina kipenyo cha milimita 806 hivi, wakati 265/70R16 lina 777. Jembamba ndilo refu zaidi.

Usirefushe tairi bila hesabu. Ukitoka 265/70R16 kwenda 265/75R16, kipenyo huongezeka kwa asilimia 3.4. Gari litainuka milimita 13 tu, lakini kipimo cha mwendo kitasoma 100 wakati unakwenda zaidi ya 103, na injini itapata kazi zaidi mlimani. Saizi iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva ndiyo mahali pa kuanzia.

Jambo lisilo na mjadala ni usawa wa tairi zote. Gari la fowili linataka tairi nne za saizi moja, aina moja na uchakavu unaokaribiana, na spea ifanane nazo. Kuweka mbili mpya zenye meno makubwa nyuma na kuacha vipara mbele ni kuiumiza difu, na ni kumnyima dereva usukani siku ya mvua. Kona za milima hii hula mabega ya tairi za mbele, kwa hiyo zihamishe mbele na nyuma kila baada ya kilomita 8,000 hadi 10,000.

Upepo ni nusu ya tairi

Anayelalamika kwamba A/T yake haipandi utelezi, mara nyingi hajapunguza upepo. Tairi lililojazwa psi 35 kwa ajili ya lami, likishushwa hadi 25 na ikibidi 20, hurefuka pale linapogusa ardhi, meno mengi zaidi huuma, na mawe hayalichomi kirahisi kwa sababu hujikunja juu yake. Punguza kabla ya kukwama, na mwendo usizidi kilomita 40 kwa saa. Tairi lenye tyubu linahitaji tahadhari zaidi: upepo ukiwa mdogo mno, tairi huteleza kwenye rimu na kuing'oa valvu ya tyubu.

Sharti la mbinu hii ni kurudisha upepo kabla ya kurudi kwenye lami. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja na kuchemka, na kwenye lami ya Mombo joto hilo linaweza kulipasua. Nunua kompresa ndogo ya kuunganisha kwenye betri na kipimo cha upepo. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na ya kubadilisha tairi nne, na mara nyingi ndicho kitu pekee kilichokosekana.

Nani anunue lipi

Mkazi wa mjini Lushoto ambaye njia zake ni Tanga, Moshi na Dar es Salaam, na ambaye hupanda vijijini wakati wa kiangazi tu, anatoshwa na H/T bora au A/T ya upole. Asiongeze meno asiyoyahitaji.

Mwalimu, muuguzi, bwana shamba au mwongoza watalii anayekwenda Mlalo, Mtae au Bumbuli mwaka mzima anahitaji A/T yenye mapengo ya wazi mabegani, mikato mingi kwenye meno, na ubavu imara wa aina iliyoandikwa LT, yaani tairi la malori mepesi. Kumbuka kwamba tairi la LT kwa kawaida huhitaji upepo zaidi kidogo ili kubeba uzito uleule.

Tairi la tope linamfaa anayeishi mwisho wa njia na ambaye hawezi kungoja mvua ikatike: gari la kubeba wagonjwa, gari la msitu, gari la shamba la chai. Hata yeye, akiweza, awe na seti mbili za rimu, ya masika na ya kiangazi. Asipoweza, ajue kwamba kila ashukapo Soni kukiwa na mvua anapaswa kwenda taratibu kuliko aliye na gari dogo mbele yake.

Njia ya kijiji ni mali ya wote

Kuna sababu moja zaidi ya kutokimbilia meno makubwa. Tairi la tope linalozunguka mahali pamoja huchimba mfereji. Mvua inayofuata hupita humo, mfereji unakuwa korongo, na korongo likishakata njia, Canter ya mboga na bodaboda ya mama mjamzito hazipiti tena. Lushoto inaujua mmomonyoko kwa uchungu. Tangu miaka ya 1980, mradi wa hifadhi ya udongo wa SECAP ulifanya kazi na wakulima wa wilaya hii kuzuia ardhi isitiririke kwenda bondeni kwa matuta, majani na miti. Dereva anayelazimisha njia iliyolowa anabomoa kwa dakika chache kile ambacho kijiji kimekitengeneza kwa jembe. Pale inapowezekana, ngoja saa mbili tatu jua liikaushe njia. Hata tairi zuri kuliko yote halina thamani kuizidi subira hiyo.

Masika hayangoji mtu. Kabla hayajaanza, zungukia gari lako ukiwa na tochi: soma tarehe, pima kina cha meno, pitisha mkono ubavuni utafute uvimbe na nyufa, na uiangalie spea. Ukilazimika kununua, muulize muuzaji swali moja la mwanzo: tairi hili husimamaje kwenye lami yenye maji? Likifaulu hapo, ndipo mzungumzie tope.